Uchambuzi wa kemikali za mafuta yatokanayo na mabaki ya shambani na jikoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, mafundi wa maabara na wajasiriamali wanaotengeneza mafuta kutokana na maganda, magunzi, makapi na mabaki ya chakula, kisha wakataka kujua kilichomo ndani yake. Msomaji ataona kwamba maji yanarudiwa rudiwa katika majibu mengi. Si bahati mbaya, kwa sababu makosa mengi katika uchambuzi huu huanza pale mtu anaposahau kuyahesabu.

Mafuta haya ni nini hasa?

Aliyewahi kusimama kando ya tanuri la makaa ameyaona, pengine bila kuyatambua. Kuni zikifukiwa kwa udongo zikaiva kwa hewa haba, moshi mzito hutoka, nao ukigusa bati lililopoa huacha matone meusi yenye harufu ya siki na lami. Mchoma makaa huuacha moshi huo upotee. Mtambo wa pirolisisi, yaani wa kupasha mabaki moto bila hewa, huupoza kwa makusudi na kuyakusanya matone hayo yakawa kimiminika cha rangi ya kahawia iliyoiva.

Neno "mafuta" linapotosha kidogo. Kimiminika hiki si mafuta kama ya alizeti, wala hakifanani na dizeli. Ni mchanganyiko wa maji, asidi, aldehidi, ketoni, sukari zilizopoteza maji, fenoli za aina nyingi, na vipande vikubwa vya lignini, ile gundi inayoshikilia nyuzi za mmea. Kemikali zake huhesabiwa kwa mamia. Lita moja huwa na uzito wa takriban kilo 1.2, kwa hiyo mafuta haya huzama majini, na kilo moja hutoa joto la megajuli 16 hadi 19, ilhali kilo ya dizeli hutoa karibu 45. Tofauti hiyo inatokana na oksijeni, ambayo dizeli haina na mafuta haya yanayo kwa wingi.

Yanatengenezwaje, na je, njia ya kuyatengeneza hubadilisha kemikali zake?

Huzibadilisha sana. Katika pirolisisi ya haraka, malighafi kavu iliyosagwa hupashwa moto ghafla hadi kufikia nyuzi joto 500 za Selsiasi au karibu na hapo, na mvuke wake hupozwa kabla ya sekunde 2 kupita. Ubao mkavu ukitumiwa, kimiminika, pamoja na maji yake, huweza kufikia asilimia 75 ya uzito wa malighafi. Mabaki ya mazao kwa kawaida hutoa pungufu ya hapo kwa sababu majivu yake ni mengi. Katika pirolisisi ya taratibu, ambayo ni ndugu wa karibu wa tanuri la makaa, makaa huwa mengi, na kimiminika hupungua na kujaa maji.

Njia ya tatu ni ya mabaki mabichi. Maganda ya ndizi, wali uliobaki na matumbo ya samaki ni maji kwa sehemu kubwa, na kuyakausha huweza kugharimu nishati kuliko itakayopatikana. Badala yake hupikwa ndani ya chombo kilichofungwa, kwa joto la nyuzi 250 hadi 370 na mgandamizo mkubwa unaoyazuia maji yasigeuke mvuke. Mafuta ghafi yanayotoka humo ni mazito na meusi, oksijeni yake mara nyingi ni asilimia 10 hadi 20, na joto lake hufikia megajuli 30 hadi 38 kwa kilo. Kwa hiyo matokeo yasiyotaja njia iliyotumika, joto na muda, hayawezi kulinganishwa na ya mtu mwingine hata kama malighafi ni ileile.

Sampuli ichukuliwe na kuhifadhiwa vipi?

Mafuta ya mabaki ya mazao hupenda kujitenga tabaka mbili: juu maji yenye asidi na sukari, chini lami. Anayechota juu huandika kwamba mafuta yake ni siki, na anayechota chini huandika kwamba ni lami, na wote wawili watakuwa wamepima chupa moja. Kama tabaka zimejitenga wazi, zipime uzito na uzichambue kila moja peke yake. Kama bado ni kimiminika kimoja, pasha hadi nyuzi 40 hivi, tikisa vizuri, kisha uchukue sampuli papo hapo.

Tumia chupa ya kioo au ya plastiki ngumu ya polithini, uijaze karibu na mdomo, uifunge, na uiweke kwenye jokofu. Sampuli ya kulinganishia ya muda mrefu iwekwe kwenye friza. Andika tarehe ya kutengenezwa na tarehe ya kupimwa, kwa sababu, kama itakavyoelezwa mbele, mafuta haya huendelea kubadilika ndani ya chupa.

Kwa nini kipimo cha kwanza kiwe cha maji?

Kwa sababu kila namba nyingine huegemea hapo. Mafuta ya pirolisisi kwa kawaida yana maji ya asilimia 15 hadi 30, nayo ndiyo kemikali moja iliyo nyingi kuliko zote humo. Maji hayo hayaonekani kwa jicho, kwa kuwa yameyeyuka pamoja na vingine.

Wengi hujaribu njia wanayoijua ya kukausha nafaka: sampuli ndani ya oveni ya nyuzi 105, kisha kupima uzito uliopotea. Hapa haifai hata kidogo. Asidi asetiki, methanoli na aldehidi nyepesi hutoroka pamoja na maji zikahesabiwa kuwa maji, na wakati huohuo kilichobaki huungana kuwa gundi na kutoa maji mapya ambayo awali hayakuwemo.

Njia inayoaminika ni titresheni, yaani kudondosha kitendanishi hadi kile kinachopimwa kiishe, ya Karl Fischer, mkemia wa Kijerumani aliyeichapisha mwaka 1935. Iodini hukutana na maji mbele ya dioksidi ya salfa, alkoholi na besi, na molekuli moja ya iodini humaliza molekuli moja ya maji. Iodini ya kwanza kubaki bila mwenzi huashiria kwamba maji yamekwisha. Tatizo ni kwamba aldehidi na ketoni zilizomo kwenye mafuta huungana na methanoli ya kawaida ya titresheni na kuzalisha maji, hivyo mashine haitulii na namba huendelea kupanda. Dawa yake ni kununua vitendanishi vilivyotengenezwa mahususi kwa sampuli zenye aldehidi na ketoni, na kuhakikisha kiyeyushi kinayayeyusha mafuta yote. Mchanganyiko wa methanoli na kloroformu hutumika sana, ingawa methanoli hiyo nayo huweza kuleta tatizo lililotajwa. Kisha jipime mwenyewe: ongeza maji ya uzito unaoujua kwenye sampuli, upime tena. Ikiwa ongezeko lililosomwa halilingani na ulichotia, namba ya kwanza nayo si ya kuaminiwa.

GC-MS imenipa jedwali la kemikali zinazofika asilimia 100. Je, huo ndio muundo wa mafuta yangu?

Hapana, na swali hili linastahili jibu refu kuliko mengine yote, kwa kuwa majedwali ya namna hiyo ndiyo yaliyojaa katika ripoti na tasnifu.

Katika mashine hii, kromatografia ya gesi hutenganisha kemikali kadiri zinavyopita ndani ya kolamu ndefu nyembamba, kisha spektrometa ya tungamo huvunja kila moja na kupima vipande vyake. Neno la msingi hapo ni "gesi". Kemikali isiyoweza kugeuka mvuke bila kuharibika haipiti. Sukari ndefu na vipande vikubwa vya lignini hubaki kwenye mlango wa kolamu vikiwa masizi, na maji hayahesabiwi. Kwa kawaida sehemu inayopita ni chini ya nusu ya mafuta yote. Mashine huchukua vilele, yaani miinuko ya mchoro wake, vilivyojitokeza katika sehemu hiyo, huvijumlisha, na kuita jumla yake asilimia 100. Ni sawa na kuhesabu abiria walioketi upande wa dirishani na kutangaza kwamba hao ndio abiria wote wa basi.

Hata ndani ya sehemu hiyo, eneo la kilele si uzito. Kemikali mbili za uzito sawa huweza kutoa vilele vyenye ukubwa tofauti kabisa, kwa sababu kila moja huvunjika na kupata chaji kwa namna yake. Kigunduzi cha mwale wa moto, ambacho hufuata zaidi idadi ya atomi za kaboni, kina afadhali katika upimaji wa kiasi, lakini nacho karibu hakiioni kabisa asidi fomiki. Anayetaka uzito halisi hana budi kutia ndani ya sampuli kemikali ya kulinganishia isiyokuwemo katika mafuta, kununua angalau zile kemikali kumi au kumi na tano zilizo nyingi zikiwa safi, na kuchora mstari wa kulinganisha kilele na uzito wa kila moja kwa viwango mbalimbali.

Uchaguzi wa kiyeyushi nao huamua utakachokiona. Ukiyachuja mafuta kwa diklorometani, fenoli zitakuja nawe na sukari zitabaki nyuma, kisha utaandika kwa unyoofu kabisa kwamba mafuta yako "yana fenoli nyingi". Kemikali zinazotoka mapema, kama glikoaldehidi, hufichwa na wimbi la kiyeyushi, hasa pale fundi anapozima kigunduzi kwa dakika za mwanzo ili kukilinda. Levoglukosani, sukari kuu inayotokana na selulosi, hutoka ikiwa kilele kilicholala na chenye mkia, isipokuwa imefunikwa kwanza vikundi vyake vya hidroksili kwa kitendanishi cha silani.

Mwaka wangu wa kwanza maabarani nilipeleka jedwali la kemikali 43 zilizojumlika 100.00 barabara, nikiona fahari kwa zile sifuri mbili za mwisho. Aliyelipokea aliuliza maji yameandikwa mstari wa ngapi.

Basi jedwali sahihi liweje?

Lianze na gramu 100 za mafuta kama yalivyotoka mtamboni, kisha lieleze kila gramu ilikokwenda. Mfano wa kufikirika: maji gramu 25, kemikali nyepesi zilizopimwa kwa gesi gramu 32, sukari na vinginevyo vinavyoyeyuka majini bila kugeuka mvuke gramu 21, lignini iliyovunjika gramu 18, mabaki magumu na majivu chini ya gramu 1. Jumla ni karibu gramu 97, na zile 3 zinazokosekana ziandikwe hivyohivyo kuwa hazikupatikana. Jedwali lenye pengo lililokiriwa lina thamani kuliko lililofungwa kwa kulazimisha.

Vipande vile viwili vya katikati hupatikana bila mashine ya gharama. Mimina mafuta tone kwa tone ndani ya maji baridi mengi huku ukikoroga kwa nguvu. Lignini iliyovunjika haiyeyuki. Hujitenga ikiwa unga au donge la kahawia, nayo huchujwa, hukaushwa kwa joto dogo na kupimwa uzito. Maji yaliyobaki huchujwa kwa kiyeyushi kisichochanganyika na maji, kama etha, ili kuondoa aldehidi, asidi na fenoli nyepesi. Kinachobaki ndani ya maji kwa sehemu kubwa ni sukari. Refraktomita ileile inayotumika viwandani kupima utamu wa juisi ya miwa hutoa makadirio ya haraka, ingawa yenyewe husoma kila kilichoyeyuka na haiulizi kama ni sukari.

Mashine inapotaja jina la kemikali, niliamini?

Jina hilo ni pendekezo. Programu hulinganisha vipande vya kemikali yako na maktaba, na kemikali mbili zenye fomula moja huweza kuvunjika kwa namna zinazofanana mno. Mfano unaojitokeza sana katika mafuta ya magunzi ya mahindi, makapi ya miwa na nyasi ni 4-vinilifenoli: maktaba mara nyingi huiita 2,3-dihidrobenzofurani, kwa kuwa zote mbili zina fomula C8H8O na tungamo 120. Mwenye kuijua malighafi yake angeshuku mara moja, kwa sababu mimea ya jamii ya nyasi ina asidi kumariki ambayo ikipashwa moto hupoteza dioksidi ya kaboni na kubaki 4-vinilifenoli. Kwa hiyo muda wa kutoka kwenye kolamu ulinganishwe na ule uliochapishwa kwa kolamu ya aina hiyo, na kemikali zilizo nyingi zithibitishwe kwa sampuli safi. Jina lenye mfanano wa asilimia 65 liandikwe kuwa "halijatambuliwa".

Kila malighafi itarajiwe kutoa nini?

*Magunzi ya mahindi na makapi ya miwa* yana hemiselulosi nyingi, kwa hiyo tarajia asidi asetiki kwa wingi, furfuroli, hidroksiasetoni, na zile vinilifenoli zilizotajwa. *Maganda ya mpunga* yana majivu ya asilimia 15 hadi 20, karibu yote silika, ambayo hubaki kwenye makaa. Silika yenyewe haina fujo. Mwenye fujo ni potasiamu, aliyemo katika mabaki mengi ya mazao. Kiasi kidogo tu cha potasiamu huchochea selulosi ivunjike vipande vidogo vya glikoaldehidi na hidroksiasetoni, badala ya kutoa levoglukosani. Malighafi iliyonyeshewa mvua shambani au iliyooshwa kwa maji hupoteza sehemu ya potasiamu hiyo, na mafuta yake huwa tofauti na ya ile iliyotoka moja kwa moja kwenye mashine ya kukoboa. Jambo hili huandikwa mara chache sana.

*Vifuu vya nazi* vina lignini nyingi na hutoa mafuta yenye fenoli kwa wingi, pamoja na asidi asetiki. *Machicha ya kahawa*, yale yanayobaki baada ya kuchuja, bado yana mafuta halisi ya mbegu, hivyo asidi za mafuta kama palmitiki na linoleiki huonekana wazi. Pamoja nazo huja kafeini yenyewe, tungamo 194, ambayo hugeuka mvuke na kuganda tena bila kuharibika.

*Maganda ya korosho* ni habari ya peke yake, na kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi yana maana zaidi. Ganda la korosho lina utomvu ambao hata kabla ya pirolisisi umejaa asidi anakadiki, na ndiyo maana wabanguaji huchubuka mikono. Ikipashwa moto, asidi hiyo hupoteza dioksidi ya kaboni na kuwa kadanoli, fenoli yenye mkia mrefu wa kaboni 15. Mafuta yanayotoka yana tabaka zito lisilopatana na maji, lenye oksijeni kidogo: kadanoli ina takriban asilimia 5 tu. Katika spektra utaitambua kwa kilele kikuu cha 108, na tungamo za molekuli nzima za 298, 300, 302 na 304, kulingana na idadi ya vifungo maradufu kwenye mkia.

Hapa pana mtego. Asidi anakadiki huvunjika ndani ya kromatografia yenyewe, kwenye mlango wa kuingizia sampuli, ambao kwa kawaida huwa na joto la nyuzi 250 au zaidi. Mtu akiona kadanoli tupu atasema mtambo wake uligeuza asidi yote, kumbe huenda iliyofanya kazi hiyo ni mashine ya kupimia. Kromatografia ya kimiminika, isiyohitaji joto, au kuifunika asidi kwa silani kabla ya kupima, ndiyo hutoa jibu la kweli.

Mabaki ya jikoni yana tofauti gani na ya shambani?

Yana protini, mafuta ya kupikia na chumvi. Wanga wa ugali na wali hutoa levoglukosani na furani kama selulosi ifanyavyo. Protini za maharage, nyama na dagaa hutoa kemikali zenye nitrojeni: piroli, piridini, indoli, amidi na nitrili. Sukari na amino asidi zikikutana kwenye joto hutoa pirazini, zilezile zinazoipa kahawa iliyokaangwa harufu yake. Mafuta ya kukaangia hutoa asidi ndefu za mafuta, na hizo zikikutana na amonia ya protini huwa amidi na nitrili ndefu.

Kwa hiyo kipimo cha nitrojeni, ambacho kwa magunzi ni cha kukamilisha jedwali tu, hapa ni cha lazima. Nitrojeni ikichomwa hutoa oksidi zake, ambazo huchafua hewa, na kemikali zenye nitrojeni huharibu vichocheo vya kusafishia mafuta. Chumvi ya mezani nayo huleta klorini na sodiamu. Atakayechoma mafuta hayo ndani ya boila bila kupima klorini atakutana nayo kwenye mabomba yaliyolika.

Kiasi cha kaboni, hidrojeni na oksijeni kitafsiriwe vipi?

Kwa uangalifu, kwa sababu mashine ya kupima elementi haiyatofautishi maji na mafuta. Chukua mafuta yenye kaboni asilimia 42.0, hidrojeni 7.5, nitrojeni 0.3 na oksijeni 50.2, na maji asilimia 25. Uwiano wa atomi za hidrojeni kwa kaboni ni takriban 2.1, ambao unapita hata wa dizeli, na mtu angeweza kufurahi. Lakini maji hayo ya asilimia 25 yamebeba hidrojeni 2.8 na oksijeni 22.2. Yaondoe, kisha ugawe kwa 0.75: kaboni inakuwa 56.0, hidrojeni 6.3, nitrojeni 0.4 na oksijeni 37.3. Uwiano sasa ni 1.3, na furaha inapungua.

Kumbuka pia kwamba oksijeni kwa kawaida haipimwi. Hupatikana kwa kutoa vingine katika 100. Makosa yote ya vipimo vingine, pamoja na majivu na salfa vikisahaulika, huishia kuitwa oksijeni. Joto nalo lipimwe kwa kalorimita pale inapowezekana. Sampuli yenye maji mengi hugoma kuwaka, na uzi wa pamba ambao joto lake linajulikana husaidia kuiwasha.

Asidi hupimwaje?

Mita ya pH husoma 2 hadi 3, ambayo yatosha kumtahadharisha fundi lakini haisemi asidi ni kiasi gani. Kiasi hupatikana kwa titresheni ya hidroksidi ya potasiamu, na matokeo huandikwa kwa miligramu za hidroksidi hiyo kwa gramu ya mafuta. Namba za 70 hadi 100 ni za kawaida. Fenoli nazo ni asidi dhaifu, kwa hiyo mchoro wa titresheni huweza kuonyesha mipando miwili: wa kwanza ni wa asidi kaboksiliki kama asetiki na fomiki, wa pili ni wa fenoli. Ripoti iseme namba imesomwa kwenye mpando upi. Chuma cha kawaida na alumini haviyahimili mafuta haya. Chuma cha pua na plastiki za polithini na polipropilini huyahimili.

Spektra ya infraredi inatosha?

Haitoshi. Inaonyesha kuwapo kwa vikundi kama kabonili, kilichomo katika aldehidi na ketoni, karibu na namba ya mawimbi 1700 kwa sentimita, na hidroksili karibu na 3400, lakini maji yenyewe hufunika eneo la 3400 na hujitokeza tena karibu na 1640. Ni nzuri kwa kulinganisha sampuli mbili za mtambo mmoja.

Kwa nini mafuta huganda yakikaa?

Aldehidi huungana na fenoli, asidi huungana na alkoholi, na molekuli hukua. Muungano wa aldehidi na fenoli ndio uleule ambao Leo Baekeland aliutumia mwaka 1907 kutengeneza plastiki yake ya Bakelite. Tofauti ni kwamba yeye aliutaka, na sisi unatujia chupani bila kualikwa. Kila muungano hutoa maji, hivyo mnato na maji huongezeka pamoja, hadi tabaka zijitenge.

Kipimo cha kawaida cha uimara ni kuiweka sampuli ndani ya chupa iliyofungwa kwa nyuzi 80 kwa saa 24, kisha kulinganisha mnato wa kabla na wa baada. Saa hizo huchukuliwa kukaribiana na mwaka mmoja wa kukaa kwenye joto la kawaida la chumba. Pima uzito wa chupa kabla na baada. Ikipungua, kifuniko kilivuja na kipimo kirudiwe. Kwa kuwa kabonili ndiyo chanzo kikuu cha kugandana huku, titresheni yake kwa hidroksilamini ni dalili nzuri ya mafuta yatakavyozeeka, na gharama yake ni ndogo.

Maabara yetu haina GC-MS. Tufanye nini?

Mengi yanawezekana. Kwa mizani nzuri, bureti, mita ya pH, kipima mnato, tanuri la kupimia majivu na titresheni ya Karl Fischer, mtapata maji, asidi, kabonili, mnato, uzito wa lita, majivu, na mgawanyo wa vinavyoyeyuka na visivyoyeyuka majini. Hivyo ndivyo vinavyomsaidia mwenye mtambo kujua kama ameboresha au ameharibu. Sampuli chache zilizochaguliwa zipelekwe kwenye maabara yenye mashine kubwa zikiwa zimepoozwa njiani, na ombi liseme wazi kwamba mnataka uzito, si asilimia za maeneo ya vilele.

Kuna viwango vya kulinganishia?

Vipo. Kiwango cha Marekani, ASTM D7544, kinahusu mafuta ya pirolisisi ya kuchomwa kwenye majiko ya viwandani na boila: maji yasizidi asilimia 30, joto lisipungue megajuli 15 kwa kilo, mnato usizidi milimita za mraba 125 kwa sekunde kwenye nyuzi 40, salfa isizidi asilimia 0.05. Ulaya ina EN 16900 ya mwaka 2017. Vyote viwili vimeandikwa kwa kufikiria mafuta ya pirolisisi ya haraka, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na miti, hivyo mafuta ya mabaki ya jikoni hayatahukumiwa kwa haki humo.

Maji ya moshi yanayotoka mtamboni yanaweza kutumika kuhifadhia samaki?

Yasitumike. Kimiminika hicho kina undugu na ladha za moshi zinazouzwa kwa viwanda vya chakula, na hata hizo zilizosafishwa zimepata shida: mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilizichambua nane na haikuridhika na usalama wake, hasa kuhusu madhara kwa vinasaba, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliamua kutoongeza muda wa vibali vyake. Mafuta ya mtambo wa majaribio yana fomaldehidi, fenoli na katekoli, na pale joto lilipopanda kupita kiasi huwa na hidrokaboni za pete nyingi zinazosababisha saratani. Fundi avae glavu za nitrili na miwani, na afanyie kazi ndani ya kabati la kuvutia mvuke.

Naweza kuyatia kwenye jenereta ya dizeli?

Hapana. Hayachanganyiki na dizeli, asidi yake hula pampu na nozeli, na yakipata joto la injini huganda pale pale penye tundu dogo kuliko yote. Yaanzie kwenye jiko la kiwandani lenye nozeli kubwa na chuma cha pua, baada ya kupimwa maji, mabaki magumu na asidi.